Walipima Minofu Tu

Kisu kilimponyoka Wembe siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya meza nzima.

Hakuna aliyeamini macho yake. Mwanamke huyu alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye ile sakafu ya vigae vyeupe, amesimama ndani ya gambuti zake, na jina la Wembe hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake mwaka wa pili, walipomwona anampasua kambare na kumtoa minofu miwili safi kabla jirani yake hajajua pa kuanzia. Wageni wakiletwa kuzungushwa kiwandani, meneja alikuwa anawasimamisha nyuma yake wamtazame, naye bila kugeuka anaongeza mwendo kidogo, maana kusifiwa ni kutamu.

Sasa kisu kilikuwa chini kwenye maji ya barafu, na mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye kifundo kama nguo iliyoanikwa. Alijaribu kuuinua. Vidole vilicheza. Kiganja kikagoma.

"Shoga, hukulala jana?" alitania Mama Pacha, aliyesimama naye bega kwa bega tangu siku ya kwanza. "Umri huo mnakesha mnafanya nini?"

Meza ikacheka, na Wembe naye akacheka. Akainama, akaokota kisu. Kikaanguka tena. Aliposhindwa mara ya tatu, hakuna aliyecheka, na msimamizi alikuwa ameshafika. Msimamizi huyo walimwita Filimbi, kwa sababu alitembea nayo shingoni na aliipuliza kwa kila jambo: zamu ikianza, chai ikiisha, mtu akichelewa chooni. Alikuwa kijana wa juzi tu, ambaye Wembe angeweza kumzaa.

"Mama, umekunywa?" aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha barafu.

"Nimekunywa chai."

"Nipulizie nisikie."

Wembe alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mbele ya wanawake arobaini, wengine wamefundishwa kushika kisu na yeye mwenyewe, alilazimika kupanua mdomo na kumpulizia kijana yule usoni. Filimbi akanusa, akakunja uso, akasema haya, nenda ukaoshe kreti. Hata pole hakusema.

Kreti nazo zilimshinda. Alikuwa anaziinua kwa mkono wa kushoto na kuzisukuma kwa tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa na yake: tangu mwaka uliopita lilikuwa linamsokota mpaka anajikunja kama kamba. Mdomoni alikuwa na ladha ya msumari. Alikuwa anasahau majina ya watu aliokula nao sahani moja. Yote hayo alikuwa ameyasukumia kwenye umri na baridi ya barafu. Wiki mbili baadaye akapewa barua ya kumtaka apumzike nyumbani "mpaka atakapojisikia vizuri". Miaka kumi na tisa, na barua ilikuwa na mistari mitatu.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mikono mingi. Kibarazani kwao ndiko kilikokuwa kiwanda chake. Barua aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unacheza. Kisha akachukua blauzi zote za mkewe, akang'oa vifungo, akashona ndoano kubwa za kufunga kwa mkono mmoja. Hakumwambia. Wembe aliziona asubuhi alipovaa, akakaa kitandani na kulia kwa hasira, maana huruma ya mume ilimwonyesha kwamba mambo ni makubwa kuliko alivyojidanganya.

"Kesho hospitali," alisema fundi. "Nami nakwenda. Tumbo langu nalo halinielewi."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa raba, mwenye haraka ya watu wenye foleni ndefu mlangoni. Lakini alipouona mkono ule haraka ikamwisha. Aliuinua, akauachia, ukaanguka. Akavuta mdomo wa chini wa Wembe, akamulika tochi kwenye fizi, akamwita muuguzi naye aone: chini ya meno palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya samawati iliyoiva, kama uliochorwa kwa kalamu.

"Unafanya kazi gani? Rangi? Betri? Unayeyusha vyuma?"

"Mimi nachambua samaki."

"Samaki tu?"

"Kambare. Wa hapa ziwani."

Daktari akachukua damu ya wote wawili, akawaambia warudi baada ya wiki. Waliporudi alifunga mlango, na Wembe akajua kuna neno.

"Mama, damu yako ina risasi. Nyingi mno."

Wembe alimtazama daktari, akamtazama mumewe, akarudi kwa daktari. "Risasi? Mimi sijapigwa hata na jiwe la kombeo."

"Si ya bunduki. Ile metali yenyewe. Hiyo iliyo kwenye betri za magari. Ndiyo iliyoua mishipa ya fahamu ya mkono wako, na ndiyo inayokusokota tumbo." Akageuza karatasi ya pili. "Na baba anayo pia. Si kama yako, lakini anayo. Na yeye kiwandani hajawahi kukanyaga. Kwa hiyo ugonjwa huu unaupata mezani kwako, mama. Mnakula nini?"

Wembe alimweleza. Kila Ijumaa kiwanda kiligawa zawadi: kila mfanyakazi alipewa mfuko mweusi wa vichwa, maini na mifupa ya migongo, bure, na meneja alipenda kusema kwenye mikutano kwamba hiki ni kiwanda chenye moyo. Vichwa alivipika supu. Maini aliyakaanga. Mifupa aliianika juani, akaitwanga, akaichekecha, na unga wake aliuweka kwenye uji wa asubuhi, kijiko kizima kwa kila kikombe, kwa sababu alishaambiwa mifupa hujenga mifupa. Miaka yote hiyo. Hakupoteza hata kipande.

Daktari alikuwa ameacha kuandika. "Mto unaoingia ziwani unapita wapi?"

Kila mtu mjini alijua unakopita. Ulipita nyuma ya karakana ya kuyeyusha betri kuukuu, yenye ukuta mrefu na mfereji uliotokea chini ya ukuta. Karakana ilikuja miaka kumi na moja iliyopita. Maji ya mfereji ule yalikuwa ya rangi ya chai iliyochacha, na watu waliziba pua wakipita, basi.

"Lakini samaki wanapimwa," alisema Wembe, na sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. "Kila mwezi wanapimwa! Vyeti vimebandikwa pale ukutani, nimevisoma kwa macho yangu. Na anayewapima ni wifi yangu."

Hakwenda nyumbani. Fundi alimwomba apumzike kwanza, akamjibu apumzike yeye. Alimpitia Mama Pacha kwake, na kwa vile ilikuwa Ijumaa akamwomba mfuko wake wa zawadi, bila kusema wa nini. Kisha akapanda mlima mpaka maabara ya serikali, mfuko umening'inia kwenye kiwiko cha mkono mbovu.

Wifi yake alikuwa dada mdogo wa fundi, msomi pekee wa ukoo, mwanamke aliyepiga pasi hata koti la kazi. Alikuwa anampenda Wembe kwa utani mwingi na kejeli nyingi, kama mawifi wapendanavyo. Kila Jumapili alifika kwao mchana, akala supu ya vichwa mpaka akasikika anafyonza mifupa, akaomba nyongeza.

"Ee wifi! Leo umekuja kunitembelea au kaka yangu amekufukuza?"

"Samaki wetu unawapima?"

"Hata salamu hakuna?"

"Nakuuliza, unawapima?"

Wifi akavua glavu polepole. "Nawapima. Kila mwezi. Miaka yote wako chini ya kiwango. Unataka vyeti?"

"Unapima nini?"

"Risasi, zebaki, kadimi..."

"Sikuulizi unachotafuta. Nakuuliza unapokata. Kwenye samaki, unakata wapi?"

Wifi alizikunja glavu, akaziweka mezani. Mashine moja ilikuwa inanguruma pembeni. "Mnofu," alisema. "Wa mgongoni. Mwongozo ndivyo unavyosema. Tunapima sehemu inayoliwa."

"Sehemu inayoliwa."

"Ndiyo."

"Inayoliwa na nani?"

Wifi akaanza kupanga chupa.

"Inayoliwa na nani, wewe msomi? Minofu inafungwa kwenye barafu inakwenda kwa watu wasiojua hata ziwa hili liko wapi. Mimi kwa miaka kumi na tisa nimekata minofu, sijaweka mmoja kwenye sufuria yangu! Sisi tunakula kichwa. Tunakula ini, tunakula mfupa. Kaka yako anakula mfupa. Ulimpimia nani?"

"Mwongozo sikuandika mimi, wifi."

"Lakini kalamu ya kuweka saini ni yako."

Akamwambia yote: mkono, fizi, damu yake, damu ya fundi. Aliposema damu ya fundi, wifi alishika ukingo wa meza. Lakini Wembe alipouweka mfuko mweusi juu ya ile meza nyeupe na kusema, pima hivi, wifi akarudi nyuma kama aliyewekewa nyoka.

"Haiwezekani hivyo. Sampuli inaletwa na mkaguzi. Ina fomu, ina namba. Nikitumia mashine kwa mambo yangu binafsi nafukuzwa kazi."

"Supu ya Jumapili uliyokuwa unaramba bakuli, ilikuja na fomu namba ngapi?"

Akatoka. Mfuko akauacha pale pale, unavuja maji ya damu kwenye karatasi za serikali.

Siku nne zilipita. Ya tano, mchana wa jua kali, wifi alitokea kibarazani na koti lake la kazi, halijapigwa pasi. Akapita bila kumtania kaka yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa karatasi kwenye pochi.

"Nimepima mara tatu," alisema. "Ya kwanza nilidhani nimekosea. Ya pili nikaosha vyombo vyote upya. Mnofu uko sawa, kama siku zote. Ini, mara tisa zaidi ya mnofu. Matamvua, mara kumi na nne. Mifupa..." Akaikunjua karatasi mpaka mwisho. "Mifupa mashine ilikataa kuisoma kwa wingi wa risasi, ikabidi niipunguze nguvu kwa maji ndipo ikasoma."

"Kwa nini mifupa?" aliuliza fundi. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa siku nyingi.

"Kambare anaishi kwenye tope, kaka, na risasi imelala kwenye tope. Anaivuta kwa matamvua akipumua, anaimeza akila. Mwili wake hauna akili ya kuitambua. Unadhani ni yale madini ya kujengea mifupa, basi unaipokea kama mgeni wa heshima, unaipeleka mfupani na kuilaza huko. Kutoka haitoki. Leo chembe, kesho chembe. Samaki wa miaka sita ana mzigo wa miaka sita. Na ukimla..."

"Mwili wangu nao unafanya hivyo hivyo," alimalizia Wembe.

"Hivyo hivyo. Nami nimetoa damu. Ninayo."

Kisha wifi akasema kwa sauti ndogo neno ambalo Wembe hakulisahau. Alisema kiwango kilichoandikwa ni cha mnofu. Cha mfupa hakipo, cha kichwa hakipo. Kwa hiyo kwa karatasi hakuna sheria iliyovunjwa na yeyote.

Wembe alicheka, na kicheko kile kilimtisha mumewe. "Yaani nimekufa mkono kihalali?"

Kesho yake alivaa blauzi ya ndoano akaenda kwa meneja. Wifi alikuwa ameweka saini kwenye yale matokeo na, baada ya kuitazama kwa muda mrefu, akaipigia muhuri. Meneja alimpokea Wembe vizuri mno. Alimvutia kiti, akamwita mama yetu, akaagiza soda. Alisoma karatasi mpaka mwisho, akaitoa nakala, akaiweka kwenye faili mbele ya macho yake.

"Tumekuwa tukiwapa kwa upendo," alisema. "Wallahi hatukujua. Hili niachie mimi, mama. Nitachukua hatua leo leo."

Na kweli alichukua. Ijumaa iliyofuata hakukuwa na mifuko, na ya pili yake pia hakuna. Kwenye ubao wa matangazo palibandikwa tangazo kwamba zawadi ya Ijumaa imesitishwa kwa kujali afya ya wafanyakazi, kufuatia malalamiko ya mwenzao mmoja. Jina halikuandikwa. Halikuhitajika.

Mama Pacha ndiye aliyekuja kumsomea. Aliingia uani bila hodi, bado na aproni.

"Umetutoa chakula mdomoni! Mimi nina watu saba ndani. Kama mkono wako umekufa, ndiyo na sisi tufe njaa? Ungesema na sisi kwanza. Hukusema hata na mimi!"

Hilo la mwisho lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Lakini hasira haikumpa nafasi ya kuomba msamaha. Aliingia ndani, akatoka na kioo cha fundi cha kupimishia wateja nguo, akakiegemeza ukutani. "Vuta mdomo wa chini."

"Sina muda wa michezo yako."

"Vuta mdomo, nimesema!"

Mama Pacha akauvuta. Akasogea karibu na kioo, akasugua fizi kwa kidole, akatazama kidole, akasugua tena kwa nguvu mpaka fizi ikatoa damu. Ule mstari haukufutika.

Akakaa chini pale pale kwenye mchanga. Hakuzungumzia fizi. Alisema, "Kwani vichwa vinakwenda wapi siku hizi?"

"Vinatupwa."

"Havitupwi. Nimeviona. Lori linakuja geti la nyuma, Jumatatu na Alhamisi. Limeandikwa jina la wale wanaosaga unga. Unga wa watoto, ule wenye picha ya mtoto mnene kwenye pakiti."

Wembe aliona giza mchana kweupe. Karatasi ilikuwa kwenye faili. Meneja ameisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, na soda akamwagizia. Sasa alikuwa anakijua kilichomo kwenye vichwa vile kuliko alivyokijua mtu yeyote pale kiwandani, na bado akatafuta kinywa kingine cha kuvipeleka. Mpaka siku ile Wembe alikuwa amekasirika kama mtu aliyeumizwa. Kuanzia pale hasira yake ilipoa, ikawa ngumu.

Jumatatu hakwenda kwa meneja. Alimpitia wifi, wakapita kwa daktari, na daktari akapiga simu kwa ofisa wa afya mbele yao, akamwambia asipofika mwenyewe kiwandani, yeye daktari atafika na waandishi wa habari. Saa tano kasoro Wembe alikuwa amesimama geti la nyuma, mgongo kwenye mlango wa chuma, na mdomo wa lori lililokuwa linatoka na vichwa ulikuwa hatua tatu kutoka kifuani mwake.

Dereva alipiga honi. Wembe hakusogea. Filimbi akaja mbio na filimbi mdomoni.

"Mama, ondoka hapo! Wewe si mfanyakazi tena hapa!"

"Nipulizie nisikie."

"Nini?"

"Nasema nipulizie, nisikie kama umekunywa. Maana mtu mwenye akili zake hapeleki sumu kwa watoto wachanga."

Filimbi alipuliza, lakini filimbi yake, akitegemea walinzi waje. Walinzi hawakuja, au walikuja kwa mwendo wa watu wasiotaka kufika. Waliofika ni wanawake. Mama Pacha alikuwa ameshapita meza hadi meza tangu asubuhi na kioo kidogo cha mkobani, na kila aliyevuta mdomo alikuwa ameona cha kuona, au ameona cha jirani yake. Walitoka na aproni zao na gambuti zao, glavu zina damu ya samaki. Visu walikuwa wameviacha mezani, vimelala sambamba, na kambare wa asubuhi ile wako nusu.

Wifi alipanda juu ya kreti. Hakuwa mzungumzaji. Alisoma karatasi yake kama mtu anayesoma msiba, namba kwa namba: mnofu kiasi hiki, ini kiasi hiki, matamvua, mfupa. Alipofika kwenye mfupa mtu mmoja nyuma alipiga yowe. Akamalizia kwa neno ambalo halikuwa kwenye karatasi. "Vile vyeti vya ukutani saini ni yangu. Nilipima nilichoambiwa nipime. Sikuuliza ninyi mnakula nini, na nilikuwa nakula nanyi."

Hakuna aliyempigia makofi. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Wifi akayaona, akashuka.

Meneja alipotokea, alianza na "mama zetu", akakatwa kauli. Walimuuliza swali moja tu, na walilirudia mpaka alipolijibu: karatasi hii uliipata lini? Alijaribu kuzunguka huku na huku. Alisema suala la kitaalamu, alisema mkataba na wanunuzi wa mabaki, alisema wao huchanganya kidogo tu kwenye unga mwingi. Aliposema kidogo tu, Mama Pacha akachukua kichwa cha kambare kutoka kwenye lori, akamwekea mkononi. "Kafyonze basi. Kidogo tu. Hapa hapa tukuone."

Meneja alikishika kichwa kile, mafuta yanachuruzika kwenye saa yake, hajui akiweke wapi. Hivyo ndivyo ofisa wa afya alivyomkuta.

Lori lilifungwa kwa utepe na muhuri wa serikali. Damu zilichukuliwa za wafanyakazi sitini na watatu, na hamsini na wanne walikutwa na risasi juu ya kiwango. Kile kiwanda cha unga kilirudisha pakiti kutoka madukani, si zote. Mfereji wa karakana ya betri ulizibwa kwa zege, na watu walikwenda kutazama zege likimwagwa kama wanaokwenda harusini. Daktari aliwaambia wasifurahi sana, maana tope la ziwa halisafishwi kwa zege, na kambare wataendelea kulila kwa miaka.

Meneja hakushtakiwa. Alihamishiwa tawi jingine, na inasemekana alipandishwa cheo. Wifi ndiye aliyeadhibiwa: kwa kutumia mashine ya serikali bila kibali aliondolewa maabara, akapelekwa stoo kuhesabu chupa. Jumapili bado anakuja kwa kaka yake. Wembe humpakulia chakula, humwongelesha, lakini utani wa mawifi haukurudi kama zamani, na hakuna anayejifanya umerudi.

Kwa dawa na miezi, mkono uliinuka nusu. Unashika kijiko, unashika ufagio. Kisu cha minofu hauwezi, na daktari hakumdanganya kwamba utaweza. Wanawake walipokubali kurudi mezani walitoa sharti Wembe naye arudishwe, na kiwanda kikamweka mlangoni, mahali samaki wanapopokelewa, kazi ya kutazama na kuandika.

Hapo ndipo alipokuwa siku mkaguzi mpya alipokuja kuchukua sampuli, kijana safi mwenye sanduku la barafu na fomu kwenye ubao. Alimsalimia shikamoo, akaomba minofu mitano ya mgongoni.

Wembe aliichukua fomu, akaisoma. Maneno yalikuwa yale yale. Baada ya yote yale, baada ya damu sitini na tatu, mtu alikuwa amekaa ofisini akachapa upya yale yale: mnofu wa mgongoni, sehemu inayoliwa.

"Mama Pacha!" aliita. "Njoo na wenzako."

Walikuja kumi na kitu. Hakuwaeleza, aliwaonyesha tu fomu kwa kidole. Mama Pacha akarudi ndani, akatoka na kambare watano wazima, wakubwa, hawajaguswa, akawapanga kwenye sanduku la kijana mmoja mmoja, vichwa na matumbo na mikia ikachomoza nje mpaka kifuniko kikakataa kufunga.

"Lakini mama, mwongozo unasema..."

"Tunajua unavyosema," alisema Wembe. "Mtapima samaki mzima. Mkitaka mnofu peke yake, ziwa hilo hapo, kamvue mwenyewe."

Kijana aliwatazama, akatazama saa, akatazama geti lililokuwa limefungwa nyuma yake. Akaomba kamba. Wakampa kamba. Alilifunga sanduku lake vile vile, mikia nje, akalibeba mpaka garini huku maji yanamlowesha suruali, na Wembe akaandika kwenye daftari la mapokezi, kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa: samaki wazima watano, wametoka saa tatu na robo.